Sauti Kwenye Kitako cha Bakuli

Nina kipande cheusi cha santuri, ukubwa wa kisosi, kimekatwa kwa msumeno wa chuma, na ukipitisha kidole ukingoni bila adabu kinakuchana. Juzijuzi walinijia vijana wawili kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, mabegi mgongoni, wanazunguka kutafuta santuri za zamani za fanki na soul, zile za bendi ambazo hata waliozipiga wamezisahau. Walikuwa wameambiwa kwangu ipo moja. Nikawawekea. Walisikiliza, wakatazamana, wakaniuliza sehemu iliyobaki iko wapi. Nikawaambia iliosha dhahabu. Wakacheka, wakidhani ni utani wa huku kwetu. Halafu wakaniomba niwauzie. Thubutu! Niliwapa chai, nikawaacha wairekodi kwenye simu zao, nikairudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Aliyeimba humo ni mama yangu. Ninalisema hili mapema ili mtu asije akanisumbua baadaye kuniuliza najivunia nini.

Mimi mama nilimjua kwa kunong'ona. Nilipokuwa bado wa kubebwa mgongoni shingo yake ilivimba rovu, akapasuliwa hospitali ya mbali, akarudi mzima lakini sauti haikurudi. Akitaka kuniita kutoka shambani kwetu Nyarero aligonga jembe kwa jiwe. Mlio mmoja, njoo. Mitatu, umeharibu kitu, na uje mbio. Watoto wenzangu waliitwa kwa majina yao, mimi niliitwa kwa jembe, na yeyote aliyenicheka kwa hilo tulipigana. Nilianza ugomvi nikiwa mdogo, na sijaacha.

Lakini alikuwa na sauti zamani, mwenyewe aliniambia. Alipokuwa msichana alipelekwa ng'ambo, Kenya, kwa shangazi yake aliyeolewa huko, akamsaidie kulea. Nyuma ya nyumba ya shangazi palikuwa na baa, na kwenye baa hiyo vijana wa bendi walikuwa wakifanya mazoezi mchana. Suruali za pekosi pana miguuni, viatu vya raizoni vya soli nene, nywele zimetuna mpaka mlangoni wanainama. Walikuwa wamechizika na muziki wa Wamarekani weusi: gitaa la besi linasema peke yake, ngoma inagonga na kuacha, tarumbeta zinaingilia kati. Mama alikuwa uani anasugua sufuria huku akiimba wimbo wa Nyarero, ule wa wanawake wakipalilia ulezi. Mpiga gitaa akachungulia juu ya uzio.

"Dada, hiyo rudia."

Alirudia. Wakaweka besi chini yake, wakaweka tarumbeta, na baada ya wiki chache wakampandisha basi la Nairobi na shangazi yake akiwa mlinzi, amekaa katikati yake na wavulana safari nzima. Wakarekodi nyimbo mbili kwa siku moja. Kwa malipo walimpa viatu vya raizoni na santuri moja ndogo. Wimbo wa palizi, kwa Kikurya, juu ya fanki! Nani mwingine alikuwa amefanya jambo hilo? Mimi sijamsikia.

Viatu vilichakaa. Santuri alimpa mdogo wake wa kiume, yaani mjomba wangu, kwa sababu mjomba ndiye aliyekuwa na gramafoni. Alikaa Nkende, mjini Tarime, na enzi zake hapakuwa na harusi ya maana bila yeye kuitwa na kreti lake la santuri. Mama angeiweka wapi, kwenye jembe?

Sasa nisikilize jambo lililonichoma. Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na miwili. Mama alikuwa bado anakaa na kwaya kanisani, anachezesha midomo tu, kwa sababu alipenda kukaa pale. Jumapili moja mwenyekiti wa akina mama akamwambia mbele ya wote ahamie kwenye mabenchi ya nyuma, kwa maana kwaya si mahali pa kunong'ona. Mama akasimama. Akanong'ona kwamba yeye aliwahi kuimba kwenye santuri, wakamuulize mdogo wake.

"Wewe?" mwenyekiti akasema. "Basi mimi nimeimba na malaika."

Wakacheka, kanisa zima la akina mama. Mama alikwenda kukaa nyuma. Baadaye alimwomba mjomba ile santuri, mjomba akasema ataitafuta. Akaomba tena, bado inatafutwa. Akanyamaza, na hakuitaja tena kwa miaka. Ila mimi nilimwona siku zile akipalilia, midomo inakwenda, na hakuna kinachotoka. Niliapa kwamba siku moja watu wale watamsikia. Niliapaje na sikuwa na santuri, sikuwa na gramafoni, wala sikuwa nimewahi kuisikia sauti yenyewe? Hasira haiulizi maswali hayo.

Rashi ya dhahabu ilipolipuka upande wa Nyamongo nilikuwa mtu mzima, nimeolewa, nimeachika, na sikutaka kukaa kijijini kuhurumiwa. Nikabeba sufuria zangu nikafungua mgahawa wa turubai machimboni. Ilikuwa kabla ya makampuni na uzio, wakati kila mwenye nyundo alikuwa tajiri wa kesho. Walikuja Wajaluo, Wasukuma, Waikoma kutoka upande wa Serengeti, na walimu walioaga kazini kwamba wanakwenda kutibiwa. Wote walikula kwangu, na aliyelalamika juu ya maharage alikaribishwa akajipikie.

Huko ndiko nilikoona ujanja wa santuri. Kaseti zilikuwa zimeshaua biashara ya santuri, na watu walikuwa nazo majumbani hazina kazi. Sijui nani aligundua kwanza kwamba ukiilaza santuri juu ya mvuke wa sufuria inalegea, na ukiibonyeza kwenye kitako cha sufuria ndogo inakuwa bakuli. Tundu la katikati unaziba kwa kipande cha kandambili kilichoyeyushwa. Waoshaji wa dhahabu walizigombania, maana kwenye weusi ule punje ya dhahabu inaonekana haraka, na vile vimistari vinaikamata isiende na maji. Santuri kubwa zilikuwa bakuli za kuoshea, ndogo zilikuwa za kumalizia mchanga wa mwisho. Mimi niliona ni akili nzuri tu. Nilicheka hata, muziki wa watu unaosha tope.

Basi siku moja, saa ya chakula cha mchana, sahani zote ziko kwa watu. Akaja mwoshaji mmoja, Mwikoma wa kutokea upande wa Manchira, mteja wangu wa kila siku, mtu wa maneno machache na njaa nyingi. Akaninyooshea bakuli lake dogo jeusi.

"Niwekee humuhumu, mama. Nimelisuuza."

Nilikuwa nimeshajaza upawa. Nikatazama ndani. Yeye hakuziba tundu tu, alikuwa amemwaga nta ya mshumaa juu ya karatasi yote ya katikati ili maji yasipenye, na karatasi ilikuwa salama chini ya nta. Nikaona jina. Si jina la ubatizo la mama, ni lile la kwao ambalo bibi peke yake ndiye aliyemwitia. Jina hilo wanalo wengi, ningejiambia ni mwingine. Lakini waliochapa waliongeza, herufi ndogo, "wa Nyarero".

Upawa uliniponyoka, maharage yakaenda kwenye viatu vya mtu.

"Mura! Kijana, hii umeitoa wapi?"

Akaniambia aliipata kwa mzee mmoja wa Nkende aliyekuja machimboni na kreti zima. Nikajua ni nani. Nikamwambia alilete hapa, bakuli hilo ni mama yangu. Akalivuta kifuani. Alisema bakuli hilo lilimpa dhahabu siku ya kwanza tu alipolitumia, na bakuli lililokupa halitoki mkononi mwako, ukilitoa bahati inatoka nalo. Huko machimboni watu waliamini hivyo kuliko walivyoamini mahubiri. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikambembeleza tena. Nikamwambia nitamlisha mpaka anenepe.

Mwisho akasema, "Mimi nitakuja nalo mwenyewe. Kama mama yako yumo nitamsikia. Kama hayumo, naondoka na bakuli langu, na wewe hutalitaja tena."

Tukakubaliana Jumapili, Nkende, kwa mjomba, baada ya ibada. Mjomba aliuza santuri zote akabakiza gramafoni! Mtu wa namna gani huyo? Nilikwenda kwake kesho yake juu ya lori la mawe, nikasema shikamoo kwa meno yaliyofungwa, na marahaba haijamtoka vizuri nikaanza.

"Mjomba, uliuza sauti ya mama yangu."

Hakukana. Alisugua kipara chake. "Ilikuwa chini kabisa ya kreti, mpwa wangu. Kwenye harusi watu walitaka rumba. Nilijua imo. Sikufikiri kuna mtu angekuja kuiuliza tena."

"Aliiuliza mwenyewe! Mara mbili!"

Uso ulimwanguka mpaka nikamhurumia kidogo, na sikutaka kumhurumia. Akaenda ndani akarudi na kiberiti, akakifungua. Ndani, kwenye pamba, sindano moja ya gramafoni. Akasema ameitunza miaka yote, hajui kwa nini. Nikamwambia ajue sasa.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka kijasho kinanitoka. Niliwaalika akina mama wa kanisani. Mwenyekiti pia, tena yeye wa kwanza. Sikuwa nimejaribu ile santuri, mwoshaji asingeiachia kabla ya Jumapili, na sikujua kama bakuli linaweza kuimba. Niliwaalika tu, kwa sababu walicheka mbele za watu na mimi nilitaka wasikie mbele za watu.

Mama alipojua alinikamata mkono. Mama kunong'ona kwa hasira ni kubaya kuliko mtu mwingine kupiga kelele.

"Nani amekutuma? Walinicheka mara moja nikanyamaza. Ikikaa kimya hiyo santuri yako, watanicheka mpaka nife. Nitaweka wapi uso?"

Lakini asubuhi ya Jumapili alivaa gauni lake la kijani, lile la sikukuu.

Uani kwa mjomba pakajaa. Akina mama kama kumi na tano wamekaa kwenye mikeka na mabenchi, vitambaa kichwani, wamekunja mikono. Gramafoni mezani, waya zake kwenye betri ya gari. Mwoshaji alifika amevaa shati safi, bakuli amelipakata, akasalimia kila mzee shikamoo kwa zamu. Mjomba akalipokea bakuli, akaligeuza, akalipima juu ya gramafoni, na hapo ndipo tulipoona ujinga wetu wote. Kuta za bakuli zilikuwa juu. Mkono wa gramafoni haukuweza kuingia ndani.

"Kitako kimebaki bapa," mjomba alisema. "Mistari ya mwisho, karibu na karatasi, ni mizima. Lakini lazima nikate kuta."

"Ukikata si bakuli tena," mwoshaji akasema.

"Si bakuli tena."

"Na kama hayumo?"

Mwenyekiti alikohoa. Yule bwana hakuwa na deni kwetu. Tulikuwa tunamwomba aharibu bahati yake kwa ajili ya neno la mwanamke ambaye hata kanisa lake halikumwamini.

Mama akainuka kwenye benchi. Alitembea mpaka mbele yake, na kwa vile sauti yake haifiki mbali alimsogelea karibu sana, kama unavyomsogelea mgonjwa.

"Baba," akanong'ona, "mimi nimo humo."

Mwoshaji alimtazama. Alimtazama mpaka mimi nikaanza kutapatapa. Kisha akampa mjomba bakuli.

"Kata. Ila vumbi lililobaki kwenye mistari ni langu."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilitusaidia sote. Mjomba akakata taratibu kwa msumeno wa chuma. Akatoa nta, akatoboa ile kandambili iliyoziba tundu, akaanza kusugua mistari kwa mswaki na sabuni, na mwoshaji amepiga magoti chini yake na beseni, hataki hata tone lipotee. Na kweli walipata punje mbili za dhahabu, ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Akazifunga kwenye karatasi ya sigara. Kuta zilizokatwa alizichukua pia, pete nzima nyeusi, akaitundika mlangoni kwa kibanda chake mpaka alipohama machimbo.

Mjomba akaweka kipande juu ya gramafoni, akateremsha sindano.

Kwaaa. Mchanga mtupu. Sindano ikaruka, ikarudi, ikaruka. Kwaaa. Nikasikia benchi linalia, watu wanaanza kujigeuza. Mwenyekiti akasema, wala si kwa sauti ndogo, "Kumbe tumeitwa kusikiliza kokoto." Mama alikuwa anatazama ardhi. Nilitamani inimeze mimi, mimi na kiherehere changu.

"Subirini," mjomba akasema. Akatoa sarafu mfukoni, akaibandika kwa utomvu wa mti juu ya mkono wa gramafoni ili uwe mzito. Akateremsha tena.

Besi ikaja kwanza. Ilikuja nzito, inatembea. Tarumbeta zikaruka juu yake, na katikati ya tarumbeta akaingia msichana. Mungu wangu! Nilidhani miaka yote ile kwamba mama yangu alikuwa na sauti nyembamba, kwa sababu kunong'ona kwake ni kwembamba. Hapana. Ilikuwa sauti nene, ya msichana asiyemwogopa mtu, inaimba Kikurya cha Nyarero kuhusu magugu yasiyoisha na wanawake wasiochoka, na anavuta neno la mwisho la kila mstari mpaka ngoma inamsubiri. Na ngoma ilimsubiri! Bendi nzima ya wavulana wa pekosi ilimsubiri mama yangu.

Nililia. Sioni haya kusema. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa sababu kifua hakikutosha kwa fahari niliyokuwa nayo.

Haikufika dakika moja. Wimbo ulikuwa unaishia, na kama wanavyomalizia wanawake wa kwetu palizi ikifika mwisho wa shamba, yule msichana akapiga kigelegele. Kirefu, kikali, cha peke yake, na bendi imenyamaza.

Sasa, mwanamke wa kwetu huwezi kumpigia kigelegele akakiacha kikaning'inia. Haiwezekani. Ameanza kukijibu tangu akiwa mtoto, mdomo unajibu kabla ya kichwa. Uani mzima ukalipuka: liliii! Na wa kwanza kabisa, kabla ya wengine wote, kichwa nyuma na mkono mdomoni, alikuwa mwenyekiti. Alipojishtukia mkono ukabaki palepale mdomoni, na macho yakamtoka.

Sindano ikakwaruza katikati. Mjomba aliuinua mkono wa gramafoni. Walisikika kuku tu wanachakura.

Mwoshaji alikuwa amesimama, shati lake safi limelowa maji ya mswaki. "Nisamehe, mama," akasema. "Miezi yote hii nimekuwa nakuosha kwenye tope."

"Wewe uliosha," mama akanong'ona. "Huyu aliuza." Akamwonyesha mjomba kwa kidevu, na mjomba akacheka na kulia kwa pamoja.

Halafu mama akasogea mbele ya mabenchi, mahali ambapo angesimama mwalimu wa kwaya. Akanyoosha gauni lake la kijani. Akainua mkono.

"Rudia," akamwambia mdogo wake.

Besi ikaanza kutembea. Mama alisubiri, mkono juu, midomo inakwenda na maneno kama nilivyomwona shambani, ila safari hii kulikuwa na kinachotoka. Msichana yule alipopiga kigelegele chake, mama akashusha mkono, na akina mama kumi na tano wakamjibu, mwenyekiti kwa nguvu kuliko wote.

"Rudia."

Alasiri yote ile mama yangu aliongoza kwaya, mpaka betri ya gari ikaisha.